Bastola mbili kwenye meza moja: moja ilikuja Marekani kwa begi la askari, nyingine kwa kontena kutoka China

#1 Mchonga Vyuma

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi wa mashine za kuchonga vyuma, niko Ohio mwaka wa kumi na moja sasa. Silaha si fani yangu, sina hata moja ndani ya nyumba, na mke wangu hataki kusikia habari hizo. Lakini chuma kilichochongwa na mtu aliyejua anachofanya, nikikiona siwezi kupita.

Jumamosi iliyopita mwenzangu wa kazini alinivuta hadi kwenye maonyesho ya silaha. Ukumbi mkubwa, meza kila upande, watu wanauza bunduki, visu, mikanda ya jeshi, nyama ya paa iliyokaushwa, hata asali. Kwenye meza ya mzee mmoja nikakuta Mauser C96 mbili zimelazwa ubavu kwa ubavu.

Kwa wasioijua: ni ile bastola ndefu yenye mpini wa mviringo kama wa ufagio. Magazini iko mbele ya kifyatulio, haiko ndani ya mpini. Ala yake ni ya mbao, na ukiichomeka nyuma ya mpini inageuka kitako, bastola inakuwa kabunduki. Wapenzi wa tamthilia za vita za Kichina mmeiona sana. Kila kamanda anayo ubavuni.

Zote mbili zimetoka kiwanda kimoja, Mauser wa Oberndorf, mji mdogo kando ya mto Neckar huko Ujerumani. Moja ina kibandiko cha dola 1,400. Ya pili, dola 4,200. Nikamuuliza mzee tofauti ni nini. Akaipindua ile ya bei ndogo, akanionyesha chini ya mtutu maandishi madogo kama miguu ya sisimizi: jina la kampuni, mji, jimbo la California. Halafu akasema, "Hii ilikuja kwa kontena. Ile ilikuja kwa begi la askari."

Sentensi hiyo imeninyima usingizi wiki nzima. Nimesoma nilichoweza, nimempigia yule mzee mara mbili. Nashusha hapa kwa vipande, maana nikitoka kazini saa tano usiku nina nusu saa tu kabla ya kulala.

#2 Kibajaji

Naweka kiti cha mbele. Tiririka mkuu.

#3 Bi Shamim

Dola 4,200 kwa chuma cha babu yake mtu? Hiyo ni bodaboda mbili na kiwanja kidogo Chanika. Haya, tuelezeni.

#4 Nyamwezi95

Kabla hujaendelea, hebu tuambie ile ya bei ndogo ina kasoro gani. Haipigi?

#5 Mchonga Vyuma

@Nyamwezi95 kupiga, huenda zote zinapiga, sijui. Ile ya dola 1,400 mifereji ya ndani ya mtutu imeliwa na kutu, rangi imekwisha, na ubavuni imechongwa herufi tatu za Kichina. Nyingine ina tarakimu 9 kubwa imechongwa kwenye mbao za mpini na kupakwa rangi nyekundu. Nitazifikia zote mbili.

Kwanza bastola yenyewe, kwa sababu hapa ndipo nilipopagawa. Waliobuni ni ndugu watatu wa ukoo wa Feederle waliokuwa wakifanya kazi kwa Paul Mauser. Hataza ya mwaka 1895 ikatoka kwa jina la Mauser. Bosi ni bosi. Uzalishaji ulianza 1896 ukaendelea hadi 1937, na zilitoka kama milioni moja. Uzito unazidi kilo moja, urefu ni kama sentimeta 31.

Sasa sikieni. Ndani ya bastola hiyo hakuna skrubu. Iko moja tu, ya kushikilia mbao za mpini. Sehemu nyingine zote zimekamatana zenyewe, hii inaingia kwenye ile, ile inaizuia hii isitoke, kama fumbo la watoto. Mimi nina mashine ya kompyuta inayopima sehemu ya elfu ya milimita na bado ukiniambia nichonge kitu kile nitakuomba muda. Hao walifanya mwaka 1896.

Cha ajabu, jeshi la Ujerumani halikuichukua kuwa bastola yake rasmi. Mauser akawa anauza kwa yeyote mwenye hela: wanamaji wa Italia, Waturuki, maofisa wa Kiingereza waliojinunulia wenyewe. Winston Churchill alikuwa nayo vitani Omdurman, Sudan, mwaka 1898. Bega lake lilikuwa bovu, upanga ukamshinda, akategemea Mauser. Kwa hiyo tangu mwanzo hii bastola ilikuwa msafiri. Haikukaa kwao.

#6 Komredi Ngosha

Hapo kwenye skrubu moja nimesimama nikapiga makofi peke yangu. Endelea.

#7 Kunguru wa Zenji

Mkuu, hiyo 9 nyekundu ni namba ya kikosi?

#8 Mchonga Vyuma

Hapana, ni ya risasi. Na hapa ndipo linaanza begi la askari.

C96 ya kawaida ilitumia risasi za milimita 7.63. Vita ya Kwanza ilipokolea, Wajerumani wakaishiwa bastola. Luger P08, ambayo ndiyo ilikuwa rasmi, viwanda vilishindwa kutoa za kutosha. Mwaka 1916 wakaagiza C96 laki moja na nusu kutoka Mauser, lakini zitumie risasi ileile ya Luger, ya milimita 9. Sasa una bastola mbili zinazofanana kama mapacha na kila moja ina risasi yake. Askari aliyeko kwenye handaki, usiku, tope hadi magotini, atatofautisha vipi? Wakachonga 9 kwenye mpini wakaipaka rangi nyekundu.

Vita ikaisha Novemba 1918. Ujerumani imeshindwa, na askari wa Marekani wakawekwa Koblenz, kwenye mto Rhine. Walikaa huko hadi Januari 1923. Miaka minne! Mjini humo Mjerumani ana njaa na bastola ya jeshi lisilokuwepo tena. Mmarekani ana sigara, sabuni, kahawa na dola. Zilizotekwa vitani zilitekwa, sikatai, lakini ukisikia "babu yangu alimnyang'anya afisa wa Kijerumani" ujue wengine akina babu walitoa pakiti za sigara. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Vita ya Pili ikawa vilevile, ila kwa wingi zaidi. Luger ndiyo iliyokuwa ndoto ya kila askari wa Marekani aliyevuka kwenda Ulaya. Safari hii jeshi liliweka utaratibu: nyara unaruhusiwa kwenda nayo nyumbani, lakini uwe na karatasi iliyosainiwa na afisa wako, imeandikwa jina lako na kitu unachobeba. Leo karatasi hiyo, ya kawaida kabisa, imekunjwa mara nne na kutoboka kwenye mikunjo, inaongeza bei ya bastola kuliko usafi wa chuma. Ile ya dola 4,200 haina karatasi. Mzee aliniambia ingekuwa nayo, asingeileta kwenye meza ile.

#9 Bi Shamim

Kwa hiyo wenzetu waliruhusiwa kurudi na bastola. Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma kupigana na Mjapani. Alirudi na koti zito la kijani, bakuli la bati, na malaria. Bunduki aliirudisha ghalani siku ya kupokea barua ya kuachishwa. Koti lile tulikuja kufunikia mbuzi mgonjwa.

#10 Kibajaji

@Bi Shamim koti la Burma kumfunika mbuzi 🤣 pole kwa historia kupotea hivyo.

#11 Bi Shamim

Mbuzi alipona lakini.

#12 Nyamwezi95

Swali dogo nje ya mada. Wajerumani walikuwa hapa kwetu. Silaha za kamanda wao Lettow-Vorbeck ziliishia wapi? Maana kule kwetu Tabora kila mzee ana hadithi ya silaha ya Mjerumani iliyofukiwa chini ya mwembe.

#13 Askari Mstaafu

Kijana, miembe ya Tabora ina mengi. Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kufikia siku hiyo sehemu kubwa ya bunduki zake hazikuwa za Kijerumani tena. Alizunguka Msumbiji anateka za Mreno na za Mwingereza, kwa sababu risasi za kwao zilishakwisha na hakukuwa na meli ya kuleta nyingine. Kumbukumbu kubwa ya chuma cha Mjerumani ukitaka kuiona nenda Mombasa, Fort Jesus. Uko mzinga wa meli Königsberg iliyozamia Rufiji.

Na kwa vile uzi huu unasomwa na vijana: mzee akifariki ukakuta bastola ndani ya sanduku lake, usipige picha ukaweka mtandaoni, usimwite "mkusanyaji". Nenda kituo cha polisi ukaseme. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 na haina huruma na mambo ya urithi wa kimya kimya. Huko Ohio ni Ohio.

#14 Mchonga Vyuma

Asante mzee kwa hilo. Hakika, huku ni huku.

Sasa kontena. Hiki ni kipande kirefu, chukueni chai.

Mwaka 1919 mkataba wa Versailles uliikataza Ujerumani kuuza silaha nje. Mwaka huohuo mataifa makubwa yakakubaliana kutoiuzia China silaha, kwa sababu nchi ilikuwa imegawanyika vipandevipande, kila jimbo na mbabe wake mwenye jeshi lake. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1929. Kwenye karatasi, biashara imekufa. Mtaani, wababe wale wanahitaji silaha kuliko wakati mwingine wowote, na bunduki ndefu hazipatikani. Bastola yenye ala inayogeuka kitako ikawa ndiyo bunduki ya maskini. Wakaizoea wakaipa jina, "mzinga wa kisanduku", kwa ajili ya ile ala ya mbao.

Wahispania wakanusa hela. Kule Guernica, mji ambao ndege za Wajerumani na Waitaliano zilikuja kuuteketeza Aprili 1937, kiwanda cha Astra kilitengeneza bastola inayofanana na Mauser kwa nje, ndani ikiwa na ufundi wake, na nyingi zikapanda meli kwenda China. Wenzao wa Eibar wakaenda mbali zaidi, wakatoa inayomwaga risasi mfululizo. Mauser akaona soko linamponyoka, naye akatoa ya kwake ya kumwaga. Yaani Mjerumani aliyebuni akawa anamkimbiza Mhispania aliyeiga, na wote wanakimbilia mteja mmoja.

Wachina wenyewe nao hawakukaa. Viwanda vya silaha vya Hanyang na vinginevyo vilinakili. Lakini aliyenifurahisha ni Yan Xishan, mbabe wa jimbo la Shanxi. Kiwanda chake cha Taiyuan kilikuwa kinatengeneza nakala za bunduki ya Thompson ya Kimarekani, ambayo risasi yake ni nene, ya .45. Bastola za Mauser ni za 7.63. Askari wake wanabeba aina mbili za risasi, karaha tupu. Yan akasema basi, ikuzeni bastola ile risasi ya Thompson. Wakaikuza! Mwaka 1929 zikaanza kutoka C96 za .45, nene, nzito, magazini inaning'inia chini kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Zinakadiriwa kuwa elfu nane hivi. Ni kama fundi wa Gerezani kachukua injini ya Canter akaifunga kwenye Vitz na gari likatembea.

Mzee Zhu De, aliyekuja kuwa mkuu wa jeshi la Wakomunisti, alikuwa na Mauser kwenye maasi ya Nanchang tarehe 1 Agosti 1927. Aliichonga maneno ya ukumbusho, na iko makumbusho ya jeshi Beijing. Tarehe hiyo ndiyo sikukuu ya jeshi la China hadi leo.

Baada ya Wakomunisti kushika nchi 1949 jeshi jipya likachukua bastola za muundo wa Kirusi. Mauser zikateremshwa kwa mgambo, kwa polisi wa wilaya, mwisho ghalani. Zikalala huko miaka thelathini, zingine ndani ya mafuta, zingine zimetupwa tu rundo moja, unyevu unazila.

Kesho nitasema nani alizifungulia mlango.

#15 Komredi Ngosha

Injini ya Canter kwenye Vitz. Nimecheka hadi abiria wenzangu kwenye mwendokasi wamenigeukia.

#16 Kunguru wa Zenji

Kumbe vikwazo ni vilevile tangu enzi. Ukizuia mlango wa mbele, dirishani kuna foleni.

#17 Nyamwezi95

Kesho imekuwa keshokutwa mkuu 😒

#18 Mchonga Vyuma

Samahani, zamu zilibadilika.

Mlango. Miaka ya 1950 Marekani ilikuwa haina mlango kabisa, ilikuwa wazi. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha silaha na maghala yamejaa za zamani. Akatokea Sam Cummings, kijana aliyewahi kufanya kazi CIA, akafungua kampuni ya Interarmco mwaka 1953 na kujaza maghala Alexandria, Virginia, ukingoni mwa mto Potomac. Alikuwa anaenda kwa serikali moja baada ya nyingine: mna bunduki kuukuu? Nanunua zote. Serikali zinafurahi kupunguza takataka, Wamarekani wanafurahi kununua kwa bei ya viatu. Ukikata kuponi kwenye gazeti ukatuma hela, mzigo unakuja.

Kuponi moja ya hizo ilitumwa Chicago mwaka 1963 na mtu aliyejiita A. Hidell. Bunduki ya jeshi la Italia yenye darubini, dola 19.95, na usafiri ikawa dola 21.45. Jina lake halisi ni Lee Harvey Oswald, na bunduki hiyo ndiyo iliyompiga Rais Kennedy.

Hiyo wengi mnaijua. Hii ya pili je? Mwaka huohuo, kwa jina lilelile la uongo, aliagiza na bastola, kutoka duka la Los Angeles, dola 29.95. Ni Smith & Wesson iliyotengenezwa Marekani wakati wa Vita ya Pili, ikapelekwa Uingereza kama msaada kwa jeshi lao. Vita ilipoisha ikauzwa kama mtumba, ikarudi ilikotoka, mtutu ukakatwa ukawa mfupi, ikaingia sokoni. Ndiyo iliyomuua polisi J. D. Tippit siku ileile. Imevuka Atlantiki mara mbili kwenda kumuua polisi wa nchi iliyoitengeneza. Nilipoisoma hiyo nilizima taa nikakaa gizani kidogo.

Miaka mitano baadaye, baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa ndani ya miezi miwili hivi, Rais Johnson akasaini sheria ya silaha ya Oktoba 1968. Kuuziana silaha kwa posta kati ya jimbo na jimbo, mwisho. Kuingiza mitumba ya majeshi ya nje, mwisho. Kila silaha inayoingia lazima iwe na namba, na mwagizaji aichonge jina lake na mji wake juu ya chuma. Haya ndiyo maandishi ya miguu ya sisimizi niliyoonyeshwa mezani.

Lakini sheria hiyohiyo iliacha vitundu viwili. Cha kwanza: silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, kwa serikali kuu si silaha tena, ni kitu cha kale. Kwa hiyo C96 ya 1898 na ya 1899 zinaweza kuwa zimefanana kama shilingi mbili, moja inahesabiwa kama saa ya ukutani, nyingine inahesabiwa bastola. Cha pili: silaha iliyozidi miaka 50 ikaingia kwenye kundi la "vitu vya wakusanyaji", na mtu akalipia leseni ya mkusanyaji, dola 30 kwa miaka mitatu, anazipokea mlangoni kwake.

Mwaka 1984 wakusanyaji na wafanyabiashara wakalipanua tundu. Sheria ikarekebishwa, mitumba ya kijeshi ikaruhusiwa tena kuingia ikiwa imo kwenye lile kundi la wakusanyaji. Bastola zikawekewa sharti la ziada: ziwe zinafaa kwa michezo. Zinapimwa kwa pointi kama mtihani, urefu, uzito, aina ya risasi, kufuli ya usalama. Tokarev ya Kirusi haina kufuli ya usalama ya kusukuma kwa kidole, ikafeli, mpaka waagizaji wakawa wanaitoboa na kuichomekea moja. C96 ni ndefu, nzito, ina kufuli. Ikapita.

Upande wa pili wa dunia China imefungua uchumi na inataka dola. Ghalani kuna rundo. Mnaona mikono miwili inavyotafutana.

Waagizaji kama Federal Ordnance ya South El Monte, California, wakazileta kwa wingi. Nyingi zilikuwa na hali mbaya. Mafundi wakaweka mitutu mipya, wengine wakatoboa upya na kuifanya ya milimita 9, wakapaka rangi upya. Zile za Yan Xishan nazo zikatokea sokoni, na wakusanyaji wengi wanashuku kwamba baadhi hazikuzaliwa 1929. Zilizaliwa baada ya Mchina kugundua kwamba Mmarekani anazilipia vizuri. Fundi ni fundi, mteja akitaka ya 1929 anapewa ya 1929.

Ikaendelea hivyo hadi Mei 1994. Rais Clinton alipoamua kuendelea kuipa China nafuu ya kibiashara, alitoa na kitu kwa upande wa pili: akapiga marufuku silaha za China kuingia. Kontena zikakoma.

#19 Kunguru wa Zenji

Na Mrusi je? Maana Luger nyingi si alizichukua yeye?

#20 Mchonga Vyuma

Alizichukua kwa malori. Akazifungua zote, akatumbukiza vipande kwenye rangi moja nyeusi, akaunganisha tena bila kujali namba ya kipande hiki na namba ya kile, akaziweka ghalani zikisubiri vita ambayo haikuja. Umoja wa Kisovyeti ukavunjika, nyingi zikatokea Ukraine, zikaja huku. Mjerumani alikuwa anagonga namba hadi kwenye kipande kidogo kama ukucha, ndiyo maana mkusanyaji akiiona ya Mrusi, namba tatu tofauti kwenye bastola moja, anauma mdomo.

Ila mimi sielewi kuuma mdomo huko. Bastola iliyotoka Berlin ikaenda Stalingrad, ikatekwa, ikalala Ukraine miaka hamsini, ikaishia Kansas, inauzwa bei ndogo kwa sababu imesafiri sana. Iliyokaa kwenye droo ya soksi Pennsylvania tangu 1919 ndiyo ya bei. Kama ningekuwa nanunua, ningenunua iliyotembea.

#21 Askari Mstaafu

Hapo nakupinga. Namba zikiwa tofauti si safari tu, ni vipande visivyokaa pamoja. Mimi nimekuwa mtunza ghala la silaha miaka kumi na nne. Kipande kisicho cha kwake kinaweza kukupasukia usoni. Anayelipia namba moja analipia na usalama wake.

#22 Mchonga Vyuma

Nimekubali mzee. Kama fundi ningepaswa kulisema hilo mimi.

#23 Mzigo Guangzhou

Nimechelewa, nilikuwa napakia kontena la vigae. Mchonga Vyuma, hizo herufi tatu za Kichina ubavuni unazo picha? Huku nimekaa miaka tisa, za sokoni nazisoma.

#24 Mchonga Vyuma

Picha sikupiga, mzee hakupenda. Nilizichora kwenye risiti ya mafuta. Nakutumia kwa ujumbe wa pembeni. Nilidhani ni jina la kikosi au la jimbo.

#25 Mzigo Guangzhou

Si kikosi. Mchoro wako unatia huruma lakini zinasomeka: 德國製. *Deguo zhi*. "Imetengenezwa Ujerumani."

#26 Bi Shamim

Subiri. Bastola ya Kijerumani imeandikwa kwa Kichina kwamba ni ya Kijerumani?

#27 Mzigo Guangzhou

Ndiyo dada. Fikiria soko alilolieleza mwenye uzi. Kuna ya Mhispania, kuna ya Hanyang, kuna ya Shanxi, kuna za vichochoroni. Mnunuzi Kijerumani hakijui, maandishi ya Mauser kwake ni mikwaruzo. Mauser akamgongea kwa lugha yake, hii ni orijino. Kama wewe Kariakoo unavyotafuta "Made in Japan" kwenye spea.

Tatizo, walioiga nao wakajua kuiga herufi hizo. Kwa hiyo bado usiapie.

#28 Komredi Ngosha

Orijino feki ilianza zamani basi 🙌

#29 Nyamwezi95

Sasa mkuu tupe hitimisho la mzigo. Ulinunua?

#30 Mchonga Vyuma

Sijanunua, nataka kuendelea kulala ndani.

Lakini nilirudi. Jana kulikuwa na maonyesho mengine, ukumbi mdogo, mji wa jirani. Mzee yuko na meza yake. Ya 9 nyekundu imeshaondoka, kaichukua daktari wa meno. Ya kontena ipo palepale, kibandiko kilekile. Mzee yule si mtu wa Mauser, aliipata kwenye boksi la vitu vya marehemu pamoja na visu na darubini, herufi zile alikuwa hajawahi kumuuliza mtu. Nikamwambia zinasema nini. Akaishika, akaisogeza kwenye taa, akavaa miwani, akazitazama muda mrefu kana kwamba na yeye sasa anaweza kuzisoma.

Kisha akatoa kalamu mfukoni, akakata ile 1,400, akaandika 1,750.

#31 Kibajaji

Mkuu umewapandishia wenzako bei bure kabisa.

#32 Mzigo Guangzhou

Na mimi kamisheni yangu ya kutafsiri iko wapi?